Ngozi Nyembamba Ijuayo Joto na Baridi

Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Kama unakaa Mombasa, Malindi au Kwale, mafuta hayo ni majimaji karibu mwaka mzima, nawe utacheka ukiambiwa kwamba kuna watu huyachota kwa kisu. Lakini mpelekee ndugu yako wa Limuru au Nyahururu chupa ile ile. Akiamka asubuhi ya mwezi wa Julai atayakuta yameganda meupe kama nta, hata akiipindua chupa hayatoki. Mafuta hayakuharibika, wala hakuna mtu aliyetia kitu ndani yake. Joto limepungua, basi. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na digrii 24 za Selsiasi. Chini ya hapo huganda, na juu ya hapo hutiririka. Ukiyapasha moto kidogo yanarudi kama yalivyokuwa, na unaweza kufanya hivyo mara mia bila kuyachosha.

Nimeanza na chupa hii kwa sababu jambo nitakalo kukueleza mwezi huu lina jina la kutisha, nalo ni polima zinazoitika joto. Ukiielewa chupa ya mafuta ya nazi umekwisha kuelewa nusu yake.

Polima ni kitu kilichoundwa kwa vipande vidogo sana vilivyoungwa kimoja kwa kimoja, mamia na maelfu, kama shanga katika uzi. Karatasi ya nailoni ifunikayo nyumba ya nyanya ni polima. Pamba ya shati lako ni polima pia, na hata wanga ulio katika punje ya mahindi ni polima iliyotengenezwa na mmea wenyewe bila kiwanda. Miongoni mwa polima za viwandani ziko chache ambazo zina mpaka wa joto, kama yale mafuta. Wataalamu huzipaka juu ya kitu kingine, koti jembamba sana ambalo huenda usilione kwa macho, na kitu hicho hupata tabia mpya: kikiwa baridi hukataa maji, kikipata joto huyakubali, au kinyume chake. Huenda ukauliza mambo hayo yanamhusu nini mtu mwenye jembe. Yanamhusu, kwa maana miongoni mwa watu waliouziwa kitu hiki kwa magunia walikuwamo wakulima wa mahindi.

KOTI LA MBEGU

Nchi ya Marekani ina ukanda mpana wa mahindi, upitao majimbo ya Iowa, Illinois na Indiana. Huko msimu wa kupanda ni mmoja tu kwa mwaka. Wakati wa baridi kali ardhi huganda ikawa ngumu kama jiwe, kisha mwezi wa Aprili jua huanza kupata nguvu na udongo ukapata joto polepole. Mkulima wa huko huwa na haraka. Shamba lake ni kubwa, watu wake ni wachache, na mahindi yaliyopandwa mapema hupata siku nyingi zaidi za kukua kabla baridi haijarudi. Lakini akipanda mapema mno, mbegu hufa.

Sababu yake yafaa kujulikana na kila mtu apandaye mbegu. Punje kavu ikifukiwa katika udongo wenye maji, kazi yake ya kwanza ni kunywa. Siku moja au mbili za kwanza ndizo za hatari. Ndani ya punje mna chembe hai nyingi mno, na kila chembe imezungukwa na ngozi yake nyembamba. Punje ilipokauka ngozi hizo zilijikunja. Sasa zikipata maji yambidi kila moja ijipange upya. Maji yakiwa na joto la kadiri kazi hiyo hufanyika vizuri. Maji yakiwa ya baridi sana ngozi hizo huwa ngumu, hazijipangi sawasawa, nazo hupasuka na vitu vya ndani vikavuja. Mbegu iliyopata kidonda hicho huoza, au huchipua mche uliopinda unaotambaa chini kwa chini bila kutokeza. Ndiyo sababu wakulima wa huko hushauriwa wangoje mpaka udongo ufike digrii 10 hivi kabla ya kupanda mahindi.

Mwaka 1986 kampuni iitwayo Landec ilianzishwa katika jimbo la California, na polima zake zilikuwa za namna ile ya mafuta ya nazi. Uzi wa polima hizo una matawi mengi ya pembeni, na kila tawi limeumbwa kama kipande cha mafuta. Katika baridi matawi hulala pamoja, yakabanana kama kuni katika mzigo uliofungwa na mama ajuaye kazi yake, na maji hayapati njia ya kupita. Joto likifika kwenye mpaka, matawi huachana na kuyumbayumba, na maji hupenya katikati yake. Tofauti na mafuta ni hii, kwamba uzi wenyewe haukatiki wala hautiririki, kwa hiyo koti hubaki palepale juu ya mbegu. Tena urefu wa matawi ndio unaoamua mpaka: matawi marefu hulegea kwa joto kubwa, na mafupi kwa joto dogo. Basi mtengenezaji huweza kuchagua mpaka autakao, kama fundi wa nguo achaguavyo urefu wa mkono wa shati.

Kwa mahindi walichagua mpaka wa digrii 13 hivi. Mkulima alipanda mapema, udongo ukiwa bado baridi. Mbegu ililala ndani ya koti lake ikiwa kavu, huku maji ya baridi yakiizunguka. Udongo ulipopata joto koti lilifunguka, mbegu ikanywa maji yasiyoidhuru, ikaota. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilinunua biashara ya mbegu iliyokuwa Indiana, ikawa inawauzia wakulima mbegu hizo moja kwa moja.

Kazi ya pili ya koti hilo naipenda zaidi, maana ni ya akili. Kuna sehemu za Marekani ambako mkulima akivuna ngano, siku zilizobaki kabla ya baridi hazitoshi kukuza soya. Akipanda soya katikati ya mistari ya ngano kabla ya mavuno, soya huota, hurefuka, na mashine ya kuvunia ngano hukata vichwa vyake. Walipoivisha soya koti, mbegu ilipandwa mapema lakini ikachelewa kuota. Mashine ilipita ikaikuta soya bado ni mifupi, ikakata ngano peke yake. Mazao mawili katika mwaka mmoja, shamba lile lile.

Sasa huenda unangoja niseme kwamba wakulima wote wa Marekani walikimbilia mbegu hizo. Sivyo. Zilitumika, lakini hazikuwa desturi ya nchi nzima, na mwaka 2006 ile biashara ya mbegu iliuzwa kwa kampuni iliyo chini ya Monsanto. Nionavyo mimi, sababu haikuwa ubaya wa koti. Mkulima ambaye ana mashine ya kupanda mistari 24 kwa mara moja humaliza shamba lake kwa siku chache. Anaweza kungoja udongo upate joto, asilipie koti. Kitu kipya hushindana na njia nyingine zote za kutatua shida ile ile, na mkulima hutazama mfuko wake.

NA SISI JE?

Mambo haya tuyapime kwa udongo wetu wenyewe, maana kitu kizuri cha Indiana si lazima kiwe kizuri cha Bungoma. Udongo wa Kitale mwezi wa Machi hauwi baridi kama wa Indiana mwezi wa Aprili. Kinachotuchelewesha sisi kupanda ni mvua. Kule Kinangop na Molo baridi ya usiku ni kali kweli, lakini mwenye shamba huko hutegemea zaidi viazi, kabichi na maziwa, na kiazi hakihitaji koti.

Shida yetu kubwa iko upande wa joto. Mtu wa Kitui au Makueni ajuaye msimu wake hupanda kavukavu mwezi wa Oktoba, kabla mvua ya vuli haijaanza, ili tone la kwanza la kweli liikute mbegu iko tayari. Hiyo ni busara, maana mvua ya huko ni ya siku chache na kila siku inayopotea ni debe linalopotea. Lakini wakati mwingine hunyesha manyunyu ya kudanganya. Mbegu hunywa, hutoa kichwa, kisha jua hukaa wiki mbili bila wingu, na miche yote hukauka. Mbegu imekwisha, na fedha ya kununua nyingine haipo, na ile mvua ya kweli ikija hukuta shamba tupu. Msomaji aliyepata hasara hiyo angeuza mbuzi ili apate koti linalojua kutofautisha manyunyu na mvua.

Koti la joto haliwezi kufanya hivyo. Udongo wa Makueni mwezi wa Oktoba una joto kupita mpaka wa digrii 13 mchana na usiku. Koti lingekuwa wazi siku ile ile ya kupanda. Mtu akikuletea mbegu ya bei kubwa akisema ina koti la akili lijualo majira, muulize kwanza: linajua nini, joto au maji? Kama ni joto, mwambie awapelekee watu wa nchi za theluji. Kwa kupanda kavukavu njia ya wazee bado ni nzuri, yaani kufukia punje kwa kina zaidi kidogo kuliko desturi ili manyunyu yasiifikie, na kubakiza sehemu ya mbegu nyumbani. Wengi wetu hupuuza hiyo ya kubakiza.

Mahali pamoja ambapo naona koti kama hilo lingetufaa ni katika mashamba ya wale wanaotuzalishia mbegu za mahindi chotara. Kama ujuavyo, chotara ya kwanza maarufu ya Kitale, H611, ilitolewa mwaka 1964, nayo ilipatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka nchi ya Ecuador. Hata leo kuzalisha mbegu chotara ni kazi ya kuoanisha. Mistari ya dume hupandwa kando ya mistari ya jike. Jike hukatwa mbelewele zake ili zisitoe unga, na unga wa dume peke yake ndio uangukie nywele za jike. Lakini dume moja hutoa unga kwa siku chache tu, karibu wiki moja. Jike likichelewa au likiwahi, nywele zake hazipati unga, na gunzi hutoka na mapengo kama kinywa cha mzee. Kwa hiyo wazalishaji hupanda dume kwa awamu, baadhi leo, baadhi siku chache baadaye, na kila awamu ni gharama ya watu na mashine kurudi shambani, na mvua ikinyesha kati ya awamu hizo mashine haiingii. Ile kampuni ya California iliwauzia wazalishaji wa Marekani koti la kazi hiyo hasa: baadhi ya mbegu za dume huvaa koti na nyingine hazivai, zote hupandwa siku moja, na zilizovaa huchelewa. Unga huendelea kumwagika kwa siku nyingi zaidi. Kwetu kazi hiyo ingehitaji koti la mpaka mwingine, lililopimwa kwa udongo wa Trans Nzoia, na mtu wa kulipima. Ningefurahi kuona chuo chetu kimoja kikilijaribu.

Wale wanaouza maharagwe mabichi na mboga ng'ambo pia wana jambo la kutazama. Mboga iliyochumwa bado hupumua, na joto likiongezeka hupumua kwa haraka zaidi. Ukiifunga katika mfuko usio na tundu hukosa hewa na kunuka. Ukitoboa ovyo hukauka. Polima zile zile hupakwa juu ya kiraka chenye vitundu vidogo mno, na kiraka hicho hubandikwa kwenye mfuko. Mboga ikipata joto njiani kiraka hulegea na kupitisha hewa nyingi zaidi. Ikirudi katika baridi hukaza. Lakini kiraka hakichukui nafasi ya kivuli na chumba cha baridi. Mboga iliyokaa juani saa tatu kando ya barabara haifufuliwi na kiraka.

POLIMA YA KINYUME

Sasa nataka kukupeleka mbali na shamba kidogo, maana huko ndiko jambo hili lilikofika mahali pa ajabu.

Iko polima nyingine ambayo tabia yake ni kinyume cha ile ya mafuta. Jina lake kamili ni poli-N-isopropilakrilamaidi, lakini hata wataalamu wenyewe wamelichoka, wanaiita PNIPAM. Umezoea kwamba sukari huyeyuka vizuri katika chai ya moto kuliko katika maji ya baridi. Polima hii huyeyuka katika maji ya baridi, na ukiyapasha moto kupita digrii 32 hutoka katika maji, na bilauri iliyokuwa angavu hugeuka nyeupe kama maziwa. Yakipoa hurudi kuwa angavu. Wataalamu wawili wa Toronto, nchini Kanada, Heskins na Guillet, waliandika habari za tabia hiyo mwaka 1968.

Sababu yake iko katika uzi. Kila shanga ya uzi huu ina upande upendao maji na upande uchukiao maji kama mafuta. Katika baridi upande upendao maji ndio wenye nguvu: maji hushikamana nao, na uzi hunyooka na kutapakaa. Joto likizidi maji hutikisika mno hata yakauachia uzi. Upande uchukiao maji hushinda, na uzi hujikunja kama jongoo aliyeguswa.

Digrii 32 ni mpaka wenye bahati, kwa sababu uko chini kidogo ya joto la mwili wetu, ambalo ni 37. Katika chuo cha tiba cha wanawake mjini Tokyo, mtaalamu Teruo Okano na wenzake waliliona hilo. Mwaka 1990 walieleza jinsi walivyopaka polima hii chini ya vyombo vidogo vya plastiki vya maabara, ambamo chembe hai za mwili hukuzwa. Koti lao lilikuwa jembamba kiasi cha nanomita 20. Gawa milimita moja mara 50,000, ndipo utapata unene huo. Haukuwa wa kubahatisha: koti likizidi nanomita 30 hivi chembe hukataa kabisa kushika juu yake.

Mtu yeyote aliyewahi kuwa na kitalu ataelewa shida waliyokuwa nayo. Chembe hai zikikuzwa katika chombo hujishikiza chini, zikashikana pia zenyewe kwa zenyewe, zikafanya utando kama ngozi. Ukitaka kuzitoa utafanyaje? Njia ya zamani ilikuwa kumwagia tripsini, yaani maji ya namna ile ile imeng'enyayo nyama matumboni mwetu. Tripsini hukata kila kitu kilichozishika. Chembe hutoka, lakini hutoka moja moja, zimeachana, na gundi yake ya chini imeliwa. Ni sawa na mtu ang'oaye mche wa kahawa kitaluni, akakung'uta udongo wote, akaosha mizizi kwa maji, kisha akashangaa kwamba mche haushiki shimoni.

Okano alifanya kama afanyavyo mtunza kitalu mwema, anayeinua mche na udongo wake. Katika joto la digrii 37 polima imejikunja na uso wa chombo ni mkavu, chembe hupenda kushika hapo. Zikikamilika, chombo huwekwa katika digrii 20. Polima hunywa maji, hujinyoosha, na kuzisukuma chembe kwa upole. Utando mzima huinuka ukiwa mmoja, haukuraruka, na gundi yake iko chini yake. Hakuna kisu wala tripsini, kitu cha baridi tu. Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hilo, kwamba kazi iliyowashinda watu kwa dawa kali ilifanywa kwa kupunguza joto.

Mwaka 2004 Kohji Nishida wa Osaka pamoja na Okano na wenzao walitoa habari za wagonjwa 4. Wagonjwa hao walikuwa wameharibika macho yote mawili. Mbele ya mboni ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo, na pembeni yake kuna chembe mama ambazo huitengeneza upya kila siku. Chembe mama zikifa, ngozi hiyo hugeuka ukungu, na mishipa ya damu huitambaa. Mtu akiharibika jicho moja huweza kukopeshwa chembe kutoka jicho lake la pili. Hawa hawakuwa na jicho la kukopa. Basi waganga walikata kipande kidogo ndani ya kinywa cha mgonjwa mwenyewe, milimita 3 kwa 3, chini ya ukubwa wa punje ya mtama. Walikikuza wiki mbili juu ya polima ile, wakapoza chombo, wakauinua utando na kuulaza juu ya jicho. Hawakuushona hata kwa uzi mmoja, maana gundi yake ilikuwa yatosha. Macho yakawa angavu tena, na kuona kwao kukawa kuzuri zaidi sana. Waliendelea kuangaliwa kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, na hali ikabaki nzuri.

Haipasi kukuficha upande mwingine. Utando wa namna hiyo uliotengenezwa kwa chembe za nyama ya mguu, kwa ajili ya watu wenye moyo dhaifu, ulipewa ruhusa ya masharti na serikali ya Ujapani mwaka 2015. Miaka ikapita, hesabu za wagonjwa zikatazamwa, na mwaka 2024 wataalamu wa serikali wakaona faida yake haikuthibitika, haukupewa kibali kamili. Polima ilikuwa imefanya kazi yake ya kuinua utando; moyo ndio haukuonyesha kuwa umenufaika. Yafaa tukumbuke mambo hayo mawili ni mbalimbali, kama vile mbolea nzuri isivyoweza kuponya mahindi yenye ugonjwa wa virusi.

ALAMA UNAYOIONA KLINIKI

Kama umepata kumpeleka mtoto kupewa matone ya polio, kitu cha jamaa hii kimekupita machoni. Juu ya chupa ndogo ya chanjo kuna duara la rangi ya zambarau, na ndani yake mraba mweupe. Mraba huo umepakwa kemikali ambayo, ikipata joto, vipande vyake hujiunga kuwa polima, na polima hiyo ina rangi. Kadiri chupa inavyokaa katika joto, mraba huzidi kuiva. Alama hii ilianza kutiwa kwenye chupa za polio mwaka 1996, na baadaye katika chanjo nyingine nyingi. Muuguzi huitazama hivi: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo yafaa, mraba ukilingana na duara au ukizidi kuiva, chupa hutupwa, hata kama tarehe yake haijapita.

Tofauti na mafuta ya nazi, alama hii hairudi nyuma. Huwezi kuificha katika barafu ikawa nyeupe tena. Inaweka hesabu ya joto lote lililoipata chupa tangu kiwandani, katika ndege, katika gari, hata katika kikapu cha pikipiki kilichokaa juani nje ya zahanati. Kabla ya alama hiyo muuguzi aliyekuta friji imezimika usiku alikuwa hana njia ya kujua: akizitupa chupa zote huenda anatupa nzima, akizitumia huenda anampa mtoto maji matupu. Lakini alama haijui kuganda. Chanjo nyingine huharibika zikigandishwa, na mraba utabaki mweupe ukikutazama.

Usitazamie kuiona alama hiyo katika kila chupa ya chanjo ya mifugo. Unaponunua chanjo ya kuku, chukua chombo chenye barafu kabla hujaondoka nyumbani, uliza chupa ilikuwa wapi umeme ulipokatika, na mwone muuzaji akiitoa ndani ya friji kwa macho yako. Chupa iliyopangwa rafuni pamoja na dawa za kupe usiinunue.

KABLA YA KUNUNUA MBEGU YENYE KOTI

Makoti ya mbegu ya siku hizi ni ya namna nyingi, na mengi hayana habari ya joto kamwe: ni gundi ya polima ya kushikilia dawa ya wadudu na ukungu isipeperuke, pamoja na rangi. Gundi hizo nyingine haziozi udongoni, hubaki kuwa vumbi la plastiki. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya kuondoa plastiki ndogondogo zinazotiwa katika bidhaa kwa makusudi, na makoti ya mbegu yamo, ila watengenezaji walipewa miaka ya kutafuta kitu kingine. Yafaa kumwuliza muuzaji koti lake limetengenezwa na nini, na kama hajui, pakiti huandikwa. Miwani ya babu ipo.

Jaribu mbegu yenyewe pia, iwe na koti au isiwe nalo. Hesabu punje 100, zipange juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, ukiweke mahali pasipo na jua, nawe usikiache kikauke. Siku ya saba fungua uhesabu zilizoota. Zikiwa 90 na zaidi una mbegu njema. Zikiwa chini ya 80, rudi dukani na kitambaa chako mkononi, ukiwa na risiti na pakiti, kabla hujalima.

Na ile mbegu nyekundu, ya buluu au ya kijani uliyobakiza baada ya kupanda, rangi yake imewekwa ili mtu ajue kwamba ina dawa. Haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Usiisage, usiwape kuku, na mfuko wake usiutumie kuwekea unga. Ifunge, iandike, uiweke juu mahali watoto wasipofika mpaka msimu ujao.